Barua ya wazi kwa wasuluhishi wa vita vya Urusi na Ukraine: yale madogo msiyasubirishe

Kwa wajumbe wa Ukraine na wa Urusi. Kwa wapatanishi wa Uturuki, Falme za Kiarabu, Qatar, Saudia, Vatikani na Marekani. Na kwa mawaziri wetu wa mambo ya nje wa Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

Kila mnapotoka kikaoni, msemaji husimama mbele ya kamera na kuanza na yale makubwa: mipaka ya Donbas, eneo la mashariki mwa Ukraine, NATO, dhamana za usalama, vikwazo, fedha za Urusi zilizozuiwa Ulaya. Hayo huelezwa kuwa yamejadiliwa kwa kina, na sote tumeshazoea kwamba maana yake hakuna lililofikiwa. Mwishoni kabisa, mafundi wakiwa wameanza kukunja nyaya, husomwa sentensi moja au mbili kuhusu wafungwa watakaobadilishwa, miili itakayorudishwa, majina ya watoto yaliyokabidhiwa. Barua yangu inahusu sentensi hizo. Naomba zitengewe meza yake, watu wake na ratiba yake, zisiendelee kuwa mkia wa mazungumzo ambayo kichwa chake hakuna ajuaye kitazaliwa lini.

Nani mimi hata niwaandikie? Cheo sina. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari Sumy, mji wa kaskazini-mashariki mwa Ukraine, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari hadi mpaka wa Urusi. Tulikuwa Watanzania wengi pale, pamoja na Wanigeria, Wahindi na wengine. Tulifuata ada nafuu na shahada inayotambulika. Urusi ilipovamia tarehe 24 Februari 2022, vifaru vilifika Sumy siku hiyohiyo. Tarehe 3 Machi mtambo wa umeme na joto wa mji ukapigwa. Taa zikazimika, mabomba yakakauka, na katika hosteli watu wakawa wanajaza theluji kwenye ndoo ili iyeyuke wapate maji. Kule Machi bado ni baridi kali. Asiyewahi kunawa kwa theluji iliyoyeyushwa asidhani ni maji meupe kama kwenye picha.

Kilichotutoa kilikuwa kitu kidogo sana. Tarehe 8 Machi pande mbili zilikubaliana kuhusu barabara moja, kutoka Sumy kwenda Poltava, kwa saa za mchana wa siku moja. Jana yake baadhi ya wanafunzi walikuwa wameshapanda mabasi wakashushwa, kwa sababu makubaliano yalivunjika kabla dereva hajawasha gari. Usiku ule mabomu ya ndege yakaua watu zaidi ya 20 katika mji huohuo, watoto wakiwamo. Asubuhi, makubaliano yaleyale yaliyovunjika yakaungwa tena, na msafara ukaondoka. Usitishaji mapigano haukuwapo. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake kuhusu Crimea, wala NATO, wala historia ya Kiev ya kale. Kulikuwa na barabara, saa, orodha ya mabasi, na watu wa kila upande waliokuwa na namba za simu za wenzao wa upande wa pili. Mimi ni hai kwa ajili ya diplomasia ya namna hiyo, na ndiyo maana naitetea.

Mji tuliouacha haukuachwa na vita. Bado nawasiliana na watu wa kule, akiwamo bibi mmoja aliyekuwa mlinzi wa zamu mlangoni pa hosteli yetu, mkali kama askari wa gereza ukichelewa kurudi usiku. Hajui kwamba naandika, na wala sisemi kwa niaba yake. Ninayoyasikia kutoka huko ni ya kawaida mno kuweza kufika mezani kwenu. Umeme ni wa mgao, tena mgao wenye ratiba ya makundi, ambao Mtanzania yeyote angeuelewa bila mkalimani, isipokuwa kwamba wetu haukusababishwa na makombora. Umeme ukikatika lifti inasimama, na mzee anayeishi ghorofa ya nane anakaa hukohuko juu na ndoo zake. King'ora kikilia usiku, wenye nguvu wanashuka handakini; wasio na nguvu wanakaa kwenye korido, kwa ile kanuni ya kuta mbili: ukuta wa kwanza uchukue mlipuko, wa pili uchukue vipande. Kharkiv wamejenga shule nzima chini ya ardhi, na kabla ya hapo watoto walikuwa wakisomea ndani ya vituo vya treni ya chini. Kila siku saa tatu kamili asubuhi nchi nzima inasimama dakika moja kuwakumbuka waliokufa, kisha foleni ya mkate inaendelea.

Na kando ya maisha hayo kuna kalenda yenu. Nimeisoma sambamba na kalenda ya Sumy, na naomba mzisome hivyo nanyi. Tarehe 13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi, makombora mawili yalianguka katikati ya mji. Jengo mojawapo lililopigwa ni ukumbi wa mikutano wa chuo kikuu chetu. Walikufa watu 35. Tarehe 16 Mei 2025 wajumbe wa Urusi na Ukraine walikutana Istanbul ana kwa ana, mara ya kwanza tangu 2022, mbele ya Waturuki. Asubuhi iliyofuata droni ya Urusi ikapiga basi dogo la abiria nje ya Bilopillia, katika mkoa wa Sumy, wakafa watu tisa. Tarehe 2 Juni mkakutana tena Istanbul. Tarehe 3 Juni roketi zikaanguka mjini Sumy mchana kweupe, mitaani ambako watu wanapita kwenda kazini. Sidai kwamba mtu alikaa akapanga siku hizo makusudi. Lakini mtu wa Sumy akisikia mnakutana, hafurahi. Anatafuta ilipo korido.

Upande wa pili wa mpaka ule kuna watu pia, na barua inayoomba utu kwa upande mmoja tu haistahili kusomwa. Belgorod, mji wa Urusi, una vibanda vya zege kwenye vituo vya mabasi ili abiria wajifiche. Tarehe 30 Desemba 2023 makombora yaliua watu 25 pale, wengi wakiwa mitaani na mahemezi ya Mwaka Mpya. Jeshi la Ukraine lilipoingia mkoa wa Kursk Agosti 2024, zaidi ya watu 100,000 walihama, na wengine wakabaki nyuma ya mstari wa vita huku ndugu zao wakiomba mtandaoni kwa miezi habari za wazee waliokwama katika mji wa Sudzha. Nani aliyeanza vita hivi sina shaka nalo: ni Urusi, ilivuka mpaka wa jirani yake kwa jeshi. Kulisema hilo hakuniondolei uwezo wa kumhurumia kikongwe wa Sudzha. Hata nyie, waheshimiwa, mlimhurumia: baadhi ya wakazi wale wa Kursk walirudishwa kwao kupitia Belarus baada ya mazungumzo. Lilikuwa jambo dogo, na mkaliweza.

Mmeyaweza mengi ya namna hiyo, na hapa ndipo ninapotaka mkae nami kidogo, kwa sababu naona hamjitazami vizuri.

Chukueni mkataba wa nafaka wa Bahari Nyeusi, uliotiwa saini Istanbul tarehe 22 Julai 2022. Urusi na Ukraine hazikutaka kuweka saini kwenye karatasi moja. Basi zikaandaliwa karatasi mbili, kila nchi ikatia saini yake na Uturuki na Umoja wa Mataifa, na ikawa kama hazijakubaliana chochote, huku zimekubaliana. Istanbul kukawekwa kituo cha pamoja, wakaguzi wa pande nne wakawa wanapanda meli moja na kukagua shehena moja. Katika mwaka mmoja zilipita tani karibu milioni 33. Hapa kwetu, ambako ngano ya chapati na mandazi sehemu kubwa hutoka nje, tulikuwa tunauhisi mkataba ule mkononi mwa muuza duka. Urusi ilijitoa tarehe 17 Julai 2023, na siku zilizofuata bandari ya Odesa ikapigwa. Katibu mkuu wa mambo ya nje wa Kenya, Korir Sing'Oei, alilaani hatua ile waziwazi, kwa ukali ambao si wa kawaida kwa wizara zetu.

Chukueni pia kinu cha nyuklia cha Zaporizhzhia, kikubwa kuliko vyote Ulaya, kilicho mikononi mwa Urusi tangu Machi 2022. Tarehe 23 Septemba 2025 kilipoteza umeme wa kutoka nje, na kwa mwezi mzima mitambo ya kupoza ikaendeshwa kwa jenereta za dizeli. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, chini ya Rafael Grossi, likazipatanisha pande mbili zisitishe mapigano mahali pawili tu, nyaya zilipokatika. Mafundi wakaingia. Tarehe 23 Oktoba umeme ukarudi. Kwingineko kote siku hizo mapigano yaliendelea kama kawaida.

Linganisheni na yale mapana mliyoyatangaza mwaka huohuo. Machi 2025 yalitangazwa makubaliano ya siku 30 ya kutopiga miundombinu ya nishati. Aprili ikatangazwa Pasaka ya saa 30 bila mapigano. Yote mawili yaliishia kwenye pande mbili kurushiana orodha za ukiukaji, kwa sababu hakukuwa na mtu wa tatu aliyesimama pale akaona nani kafanya nini. Ninavyoona mimi, tofauti iko hapo. Makubaliano yaliyoshika yalikuwa na mahali panapojulikana, saa zinazojulikana, watu wenye majina, na shahidi. Yaliyovunjika yalikuwa na nia njema na nchi nzima. Ukubwa wa tangazo haukumlinda mtu hata mmoja.

Najua kinachosemwa dhidi ya hoja hii, tena nimekisikia Sumy kwenyewe, kwa rafiki ambaye kaka yake yuko mstari wa mbele. Anasema mapatano madogo yanavipaka vita mafuta: kila mtu anapata wafungwa wake na maiti wake, wakubwa wanapigwa picha, na vita vinazidi kuvumilika. Anasema pia kwamba Urusi hutumia huruma kama bei. Kwamba nafaka iliachiwa na kubanwa kulingana na matakwa ya Moscow kuhusu benki yake ya kilimo na bomba la amonia. Yote ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba baada ya mkataba kufa, meli za Ukraine zilipita tena Bahari Nyeusi kwa sababu jeshi lake lilizisukuma mbali meli za kivita za Urusi, na wala si kwa sababu ya kalamu ya mwanadiplomasia. Lakini nikimuuliza rafiki yangu kama angependa basi la kwenda Poltava lisingeondoka ili vita visivumilike, ananyamaza. Hakuna ushahidi kwamba mama akinyimwa mwanawe aliye kifungoni vita vinaisha mapema. Vimekwisha kula miaka na miaka, na waliongoja mkataba mkubwa kwanza wameongoja bure.

Tatizo langu na nyie liko kwenye namna mnavyoyafanya. Mnayafanya kama zawadi ya kufungia kikao. Istanbul ya 16 Mei ilizaa ubadilishanaji wa wafungwa 1,000 kwa 1,000, na ukatekelezwa kwa siku tatu: 390 kila upande tarehe 23 Mei, kisha 307, kisha 303. Nilitazama picha za Chernihiv, mji wa Ukraine, mabasi yakiingia na wanawake wakiwa wamesimama kandokando ya barabara wameinua picha za waume na wana, wakimwuliza kila aliyerudi, amekonda na amenyolewa kichwa: umemwona huyu? Kikosi chake ni hiki, umemwona? Usiku wa kuamkia siku ya tatu ya ubadilishanaji, Urusi ikarusha droni na makombora 367 juu ya Ukraine, na katika mkoa wa Zhytomyr wakauawa watoto watatu wa familia moja. Halafu Juni, ilipofika zamu ya miili, pande mbili zikabishana hadharani kuhusu tarehe, na malori ya barafu yenye marehemu yakaonyeshwa kwenye kamera mpakani kama hoja ya mjadala. Hatimaye Ukraine ilipokea miili zaidi ya 6,000, na kila mmoja unahitaji kipimo cha vinasaba kabla mtu hajaambiwa azike. Kwa nini jambo la maiti liwe na waandishi wa habari kabla halijawa na ratiba?

Lipo kundi ambalo hata zawadi hizo haziwafikii: raia waliokamatwa katika maeneo yanayokaliwa na Urusi. Mwanajeshi aliyetekwa ana hadhi ya mateka wa kivita katika Mikataba ya Geneva, na ana mwenzake wa kubadilishana naye. Mwalimu, fundi bomba au diwani wa mji aliyechukuliwa kwake hana. Kisheria anatakiwa aachiwe tu, bila bei. Ukraine inaogopa kwamba ikikubali kumbadilisha kwa mwanajeshi itakuwa imefungua biashara ya kukamata watu, na hofu hiyo ina mashiko. Basi anabaki katikati, hana hadhi ya askari wala uhuru wa raia, na mara nyingi ndugu zake hawajui yuko gereza gani. Tarehe 23 Mei kila upande uliweka raia 120 ndani ya wale 390, kwa hiyo njia ipo mkitaka. Ninachowaomba kwa ajili ya watu hawa si hesabu ya mmoja kwa mmoja. Anzeni na majina na mahali walipo, mruhusu Msalaba Mwekundu uwaone, na muwatoe kwanza wagonjwa na wazee. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba wafungwa wa Ukraine wanaorudi huwa wengi wao wameteswa. Wameandika pia visa vya mateka wa Urusi kupigwa na kudhalilishwa, hasa mara baada ya kukamatwa. Mlango wa gereza ukiwa na mgeni anayerudi kila mwezi, mkono wa askari husita kupiga.

Watoto sitawaandikia sana, kwa sababu hapa hakuna cha kusuluhisha. Ukraine ina orodha ya watoto zaidi ya 19,000 waliohamishiwa Urusi au maeneo inayoyakalia. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kukamatwa kwa Vladimir Putin na kamishna wake wa haki za watoto, Maria Lvova-Belova, tarehe 17 Machi 2023 kwa jambo hili. Qatar ilianza kuwarejesha wachache Oktoba 2023, wanne kwa mara ya kwanza. Istanbul mwezi Juni 2025 Ukraine ilikabidhi majina 339. Mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka mitano sasa anasoma na kuandika kwa lugha ya aliyemchukua. Wajumbe wa Urusi, rudisheni watoto wa watu.

Kuna kivuko kimoja ninachokifahamu kwa sababu kiko mkoa wa Sumy. Upande wa Urusi panaitwa Kolotilovka, upande wa Ukraine Pokrovka. Mpaka Agosti 2024 palikuwa mahali pekee ambapo mtu aliyekwama Mariupol, Luhansk au kijiji cha Zaporizhzhia kinachokaliwa angeweza kuzunguka ndani ya Urusi, kisha akavuka moja kwa moja kurudi Ukraine kwa miguu. Ni kama kilomita mbili za barabara tupu, na begi, na paka ndani ya boksi, na bibi kwenye kiti cha magurudumu kinachosukumwa na mtu asiyemjua. Upande wa pili wanangoja watu wa kujitolea na chai, na basi la kwenda Sumy. Pengine kilidumu kwa sababu hakikutangazwa sana. Vita vya Kursk vilipoanza kikafungwa. Tangu hapo mtu huyohuyo lazima azungukie Belarus au apitie nchi za Ulaya, safari ndefu yenye gharama ambayo mstaafu wa pensheni ndogo haiwezi. Fungueni kivuko cha namna hiyo tena. Kama pale hapawezekani, tafuteni kijiji kingine mpakani, kubalianeni kuhusu kilomita tano kwa tano ambazo hazitarushiwa kitu siku mbili kwa wiki, na wekeni Waturuki au watu wa Falme za Kiarabu pale wasimame na daftari. Falme za Kiarabu, kwa hesabu yao wenyewe, zimesaidia kurudi kwa wafungwa zaidi ya 4,000 wa pande zote. Hawawezi kushindwa kuhesabu mabibi.

Sasa nigeuke nyumbani. Waheshimiwa mawaziri wetu, shikamooni.

Tarehe 2 Machi 2022, sisi tukiwa chini ya jengo Sumy, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuitaka Urusi iondoke Ukraine. Nchi 141 zilikubali, tano zilikataa, 35 hazikuegemea upande. Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa zilikuwa kwenye zile 141. Tanzania, Uganda na Burundi zilikuwa kwenye zile 35. Sitawaletea methali ya tembo na nyasi. Imetumika vya kutosha kwenye hotuba zenu. Kura ile iliniuma, lakini nilielezwa na wakubwa, na nikaelewa, kwamba kutofungamana ni mtaji: asiyechagua upande anaweza kubisha hodi kwa wote wawili. Haya. Hodi imebishwa mara ngapi?

Juni 2023 ulikwenda ujumbe wa Afrika, Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini akiwa mbele, pamoja na Macky Sall wa Senegal, Hakainde Hichilema wa Zambia, Azali Assoumani wa Komoro na wengine. Uganda ilimtuma Ruhakana Rugunda. Walifika Kyiv tarehe 16, ving'ora vikalia wakiwa mjini, na kesho yake wakawa St. Petersburg. Kati ya mambo waliyoyataja yalikuwamo kuachiliwa kwa wafungwa na kurudishwa kwa watoto. Hapo ndipo walipopaswa kukaza. Badala yake waliyaweka katika mpango mpana wa hoja kumi wa kumaliza vita vyote, na ukapokelewa kwa adabu na kuwekwa pembeni. Mwezi mmoja baadaye hata mkataba wa nafaka ukafa.

Na wakati huo vita vilikuwa vimeshaingia majumbani kwetu kwa mlango wa nyuma. Kijana wa Kitanzania aliyekuwa akisoma Moscow, akafungwa huko, aliahidiwa uhuru akikubali kujiunga na Wagner, kundi la mamluki wa Urusi. Aliuawa Ukraine Oktoba 2022, na mwili wake ulirudi nyumbani Januari 2023. Tangu hapo mawakala wameacha kungoja wafungwa. Wanawafuata vijana Nairobi na kwingineko kwa ahadi za udereva, ulinzi na upishi, kisha mkataba unawekwa mbele yao kwa Kirusi. Novemba 2025 Andrii Sybiha, waziri wa mambo ya nje wa Ukraine, alisema Waafrika wasiopungua 1,436 kutoka nchi 36 wanapigana upande wa Urusi. Serikali ya Kenya yenyewe ilikiri kwamba Wakenya huenda ni zaidi ya 200. Wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Kenya, Rwanda, Sudan Kusini na nchi nyingine wamevutwa kwa matangazo ya masomo na kazi hadi eneo la viwanda la Alabuga, Tatarstan, ndani ya Urusi, na wengi wakajikuta kwenye kiwanda cha droni, zilezile zinazoruka usiku kuelekea Sumy. Tarehe 2 Aprili 2024 hosteli ya eneo lile ilipigwa na droni ya Ukraine. Hapo mtoto wa jirani yangu wa Afrika Mashariki anaweza kuwa anaunda kinachomtisha bibi wa hosteli yangu, na yeye mwenyewe akapigwa na kinachorudi. Ikiwa kuna mahali kutofungamana kungefaa kuwa na meno, ni hapo.

Kyiv imekwisha kuwaonyesha hadharani Waafrika inaowashikilia kama mateka wa kivita. Moscow inao waliosaini bila kuelewa na wanaotaka kuondoka. Balozi za Urusi ziko kwenu, na milango ya Ukraine si migumu kufikiwa. Hamhitaji mkutano wa kilele kwa hili. Mnahitaji afisa mmoja kwa kila wizara ambaye kazi yake ni hii tu, orodha moja ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki badala ya kila nchi kuficha aibu yake, na ombi la maandishi kwa miji mikuu yote miwili: hawa ni wetu, tunawataka, na aliyekufa tunataka tuzike. Wapatanishi wa Ghuba mnawajua. Vijana wetu wanafanya kazi huko kwa malaki. Waombeni waziingize orodha zenu kwenye zile wanazozishughulikia tayari.

Na mawakala wapo mijini mwetu, si Moscow. Wana ofisi, wana kurasa za mtandaoni, wanapokea ada ya pasipoti. Polisi wa kuwakamata hawahitaji idhini ya Umoja wa Mataifa.

Mwisho ni jambo la kesho asubuhi. Familia ambazo vijana wao walisafiri kwenda Urusi na simu zikakatika zimekwisha kuandikisha malalamiko. Majina na namba za simu ziko kwenye majalada ya wizara. Wapigieni, hata kama hamna jipya la kuwaambia, na mwulizeni kila mzazi ujumbe wa mwisho wa mwanawe ulitoka wapi na tarehe gani. Hicho ndicho Kyiv na Moscow watakachowauliza kwanza.

Aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari, Sumy
Sasa Morogoro, Tanzania